Nati za tairi kwenye gari la mbio: grisi au kavu?

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi kijana, gereji yetu iko Ngamiani hapa Tanga. Nasaidia timu ndogo ya mbio za magari yenye Subaru Impreza ya zamani, stadi (boliti za kushikia tairi) tano kila tairi. Kwa sababu ya hewa ya bahari nati zetu zilikuwa zinagandana na kutu, basi mwenzangu akaanza kuzipaka grisi: kwenye hesi (ile mikato ya kuzungukia nati), kwenye kitako cha nati kinachokalia rimu, hata mgongoni mwa rimu pale inapokaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, hatuna. Tunakaza kwa spana iliyopachikwa bomba, jumla kama sentimita 60, mpaka nati igome. Mwezi uliopita tulipeleka rimu zikapakwa rangi mpya ya unga, nene, zinang'aa. Jumapili tulikwenda kufanya mazoezi kwenye njia za mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Baada ya kilomita kama 40 dereva akasikia usukani unatetemeka, akasimama. Tairi la mbele kushoto tulikuta nati tatu zimelegea na stadi moja imekatika. Pale ilipokatika nusu ni laini ina mistari mistari, nusu imeparuza. Mwenzangu anasema hatukukaza vya kutosha. Mimi nasema ni grisi. Nani yuko sahihi, na tufanye nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza mpe dereva wenu mkono kwa niaba yangu. Kusikia usukani umebadilika na kusimama papo hapo, badala ya kujiambia ni barabara tu, ndiko kulikoleta gari nyumbani likiwa na matairi manne. Tairi likichomoka kwenye mwendo wa mbio haliangukii karibu. Linakwenda peke yake mpaka likutane na kitu, na kwenye njia za mkonge kitu hicho kinaweza kuwa mkata mkonge aliyesimama pembeni kutazama gari likipita.

Swali lako umelijibu nusu mwenyewe bila kujua, pale ulipoeleza sura ya stadi iliyokatika. Stadi iliyokazwa kupita kiasi ikakatika papo hapo huwa imenyooka kwanza. Inafanya shingo nyembamba kabla ya kuachia, na pale ilipoachia pote hukwaruza. Yenu haiko hivyo. Ile nusu laini yenye mistari ni ufa uliotembea kidogo kidogo, na mistari yake inafanana na ile ambayo maji ya kupwa huiacha kwenye mchanga wa Raskazone, mmoja nyuma ya mwenzake. Ile nusu iliyoparuza ni sehemu ya mwisho, chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo peke yake kikakatika kwa mara moja. Mafundi wa vyuma huuita uchovu. Chuma kikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi huchoka, hata kama kila mkunjo ni mdogo sana.

Hesabu mikunjo yenyewe. Tairi la gari kama lenu lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko 500 hivi. Kilomita 40 ni mizunguko 20,000. Rimu ikiwa imeachia habu kidogo tu, kila mzunguko unaikunja stadi mara moja. Kwa hiyo stadi yenu iliuawa na kulegea, na hapo mwenzako ana haki. Ila swali linabaki: kama mlikaza mpaka ikagoma, ilegee kwa nini? Ili nikujibu hilo inabidi nikueleze kazi ya nati, kwa sababu wengi tumefundishwa kukaza bila kuambiwa tunachokaza ni nini.

Stadi ni springi. Usicheke, ndivyo ilivyo. Ukizungusha nati, ikishafika kwenye rimu haina pa kwenda tena, basi inaanza kuivuta stadi iwe ndefu. Stadi inataka kurudi urefu wake wa asili, na katika kutaka kurudi huko inaibana rimu na diski ya breki dhidi ya habu. Mbano huo ndio tunaoutafuta. Stadi ya milimita 12 ikikazwa vizuri, ikiwa safi na kavu, kwa nyutoni-mita 100 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), inabana kwa nguvu ya tani 4 na kitu. Tano kwa pamoja zinabana kwa tani 21. Na tairi halibebwi na stadi kama nguo kwenye misumari. Linabebwa na msuguano wa uso wa rimu uliobanwa kwenye uso wa habu kwa hizo tani 21. Kazi ya stadi ni kuvuta tu. Siku stadi inapoanza kubeba gari kwa ubavu, ujue mbano umekwisha kuondoka.

Na huo urefu stadi inaoupata ni mdogo kiasi gani? Kwa stadi kama yenu, sehemu inayovutwa ina urefu wa karibu sentimita 3. Kwa mbano wa tani 4 inarefuka kama sehemu 7 za mia za milimita. Huo ni unene wa unywele mmoja. Usalama wote wa tairi lile uko ndani ya unywele huo.

Sasa fikiria rangi yenu. Rangi ya unga ikipakwa kawaida huwa na unene wa kati ya sehemu 6 na 10 za mia za milimita, na umesema yenu ni nene. Imeingia kwenye mashimo ya nati, imepaka na mgongo wa rimu. Yaani kati ya nati na habu mmeweka matabaka mawili, kila moja lina unene wa ule urefu wote ambao stadi imevutwa. Mkakaza, ikagoma vizuri. Gari likatembea, breki zikapata moto, rangi ikalainika, ikaminywa, ikasogea pembeni. Ikishaondoka hata nusu ya unene wake, stadi imerudi karibu na urefu wake wa kawaida na mbano umeyeyuka, wakati nati haijazunguka hata robo. Rangi ndiyo ninayoishitaki kwanza. Wewe na mwenzako mmebishana juu ya grisi na nguvu, na mtuhumiwa mkubwa alikuwa anang'aa mbele yenu.

Nati kuzunguka na kulegea ni hatua ya pili. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha jambo ambalo mpaka leo mafundi wengi hawalijui: mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma kwenye mstari wa boliti haulegezi nati kwa urahisi. Kinachoilegeza ni vitu vilivyobanwa kuteleza kwa ubavu, huku na huku. Kila vinapoteleza, msuguano ulioizuia nati unapotea kwa kitambo kidogo, na nati inarudi nyuma kidogo kidogo yenyewe, haina haja ya mtu. Kwa hiyo mbano ukiwepo wa kutosha rimu haitelezi, na rimu isipoteleza nati haifunguki. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, na kuanzia hapo mambo yanakimbia.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye grisi, na hapa una haki wewe, ingawa labda si kwa sababu uliyoidhania. Watu hudhani grisi ni mbaya kwa kuwa nati itateleza ifunguke. Madhara yake makubwa yako kwingine. Chukua nguvu unayoitia kwenye spana uifanye kuwa shilingi 100. Kwa nati kavu, shilingi kama 50 zinaliwa na msuguano wa kitako cha nati kwenye rimu. Nyingine kama 40 zinaliwa na msuguano wa hesi. Zinabaki shilingi 10 tu za kuivuta stadi. Ndiyo, sehemu moja ya kumi. Ukipaka grisi kitako na hesi, walaji wale wawili unawapunguzia posho. Kwa nguvu ileile ya spana, zile shilingi 10 za stadi zinakuwa 16 au 17. Kwa macho na kwa mkono hujaona tofauti, lakini stadi imevutwa zaidi ya mara moja na nusu.

Weka tarakimu halisi. Stadi ya milimita 12, nguvu ileile ya nyutoni-mita 100. Hesi ikiwa na kutu, mbano unaweza kuwa chini ya tani 3. Ikiwa safi na kavu, ni tani 4 na robo. Ikiwa na grisi nzuri kwenye hesi na kitako, ni tani 6 au 7. Toki renchi inalia "tak" ileile mara zote tatu. Stadi ya daraja la uimara la 8.8 huanza kuvutika bila kurudi kwenye tani 6 hivi, ya daraja la 10.9 karibu na tani 9, na hapo sijahesabu kusokotwa kunakotokea wakati wa kukaza, ambako kunaishusha mipaka hiyo. Unaona shida yake? Kipimo unachokisoma ni cha nguvu ya kuzungusha, wakati kitu unachokihitaji ni mbano, na kinachosimama kati ya hivyo viwili ni hali ya hesi na kitako. Ukibadilisha hali, kipimo kimekudanganya.

Na nyinyi hamna hata kipimo. Sentimita 60, mtu akikandamiza kwa uzito wa kilo 25, ni nyutoni-mita 147. Kwa gari lenu hiyo ni karibu nusu zaidi ya inayotakiwa, halafu juu yake kuna grisi. Sidhani kama zipo stadi kwenye gari hilo ambazo hazijavutwa mpaka ukingoni au kupita. Stadi iliyovutwa hivyo hesi zake zinatanuka, hazilingani tena na hesi za nati. Safari inayofuata nati inakuwa nzito katikati ya njia, fundi anahisi imegoma, anaridhika. Kumbe imegomea hesi mbovu. Rimu haijabanwa. Ndiyo maana nasema mkono, hata mkono wa fundi wa miaka 30, hauwezi kupima mbano. Mkono unahisi msuguano.

Niliwahi kulipata hili mimi mwenyewe, zamani, nikiwa kijana kuliko wewe. Gereji niliyokuwa najifunza kazi tulikuwa tunapaka grisi kila nati na kukaza kwa kusimama juu ya spana. Tukajisifu kwamba magari yetu hayalegei. Siku moja, gari la mteja limerudi kutoka njia ya Pangani, nikafungua tairi la nyuma, nikashika stadi kwa vidole, ikabaki mkononi mwangu. Ya pili pia. Mwenye gari alikuwa na watoto watatu ndani. Tangu siku hiyo sijakaza tairi la mtu kwa kubahatisha, na ndiyo sababu jibu hili ni refu.

Ile grisi ya mgongo wa rimu ni kosa jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko ya kwenye hesi. Nimekwambia gari linabebwa na msuguano wa uso wa rimu na uso wa habu. Kupaka grisi hapo ni kuondoa kwa mkono wako kitu chenyewe kinachokushikia tairi. Halafu breki za mbio zikipata moto, grisi inakuwa maji, inatupwa nje na mzunguko, inafika kwenye diski. Ukiona dereva analalamika breki za upande mmoja, angalia hapo pia.

Lakini nisikufanye uamini kwamba kulainisha ni haramu kila mahali. Porsche, kwa mfano, kwa miaka mingi wameelekeza boliti za tairi zipakwe paste ya alumini, nyembamba, kwenye hesi na kati ya kichwa cha boliti na washa yake ya mviringo, lakini si pale washa inapokaa kwenye rimu. Toki yao ilikuwa nyutoni-mita 130 kwa magari kadhaa, na namba hiyo ilipimwa na paste ikiwepo. Wapo pia mafundi wa mbio wanaofungua matairi mara nyingi kwa siku, na chuma kikavu kikifunguliwa kwa mashine mara kwa mara hesi hulana. Hao hupaka tone la oili, kila mara oili ileile, kiasi kilekile, na wameshusha toki yao baada ya kupima. Wamechagua hali moja wakabaki nayo. Gari lenu limetolewa kiwandani na namba ya nati kavu, na timu yenu haina vifaa vya kupima mbano. Kwa hiyo kwenu nasema kavu na safi, na sitaki mjadala.

Kavu na safi, lakini: nati yenye kutu si nati kavu. Mwenzako alianza grisi kwa sababu ya kweli. Hapa kwetu upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya gereji, na alumini ikikaa kwenye chuma penye chumvi hulana nacho mpaka rimu inagoma kutoka kwenye habu hata nati zote zikiwa zimefunguliwa. Nimeona watu wakipiga tairi kwa nyundo nusu saa. Dawa ya hilo ipo na grisi ina mahali pake: ule mdomo wa mviringo katikati ya habu, unaoingia kwenye tundu la kati la rimu. Pakaa hapo, kwa kidole, nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Uso bapa usiguswe, hesi zisiguswe, kitako kisiguswe. Hesi zenyewe zisafisheni kwa brashi ya waya na dawa ya kusafishia breki, kisha kitambaa kikavu. Dizeli msitumie, inaacha utando, na utando ni mafuta. Gari likirudi kutoka pwani lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, matairi yatolewe hata kama hakuna kazi nyingine, kila baada ya wiki mbili hivi. Nati zikishaanza kutu ndani, nunueni mpya. Bei ya nati 20 haifiki bei ya rimu moja.

Sasa gari lenu. Lile tairi la mbele kushoto badilisheni stadi zote tano. Fundi atakayekwambia badili iliyokatika tu hajaelewa kwamba nne zilizobaki zilikunjwa mizunguko ileile na zilibeba mzigo wa mwenzao. Nyufa zake huzioni kwa macho. Matairi mengine matatu, chukua nati mpya, izungushe kwa vidole kwenye kila stadi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikienda laini mpaka chini, stadi ni nzima. Ikishika katikati, stadi imevutika, itoeni. Mimi kwa hali mliyonieleza ningebadilisha zote 20, nilale usingizi.

Hakikisheni stadi na nati mnazonunua ni za hesi sahihi. Subaru ni milimita 12 kwa hatua ya 1.25, yaani umbali kutoka hesi moja hadi nyingine. Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5. Dukani zinakaa boksi moja na kwa macho ni mapacha. Nati ya 1.5 kwenye stadi ya 1.25 inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma, na kijana mwenye mashine ya upepo ataisukuma mpaka iharibu vyote. Na kitako pia kilingane: rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni ya nyuzi 60, lakini rimu za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani mara nyingi zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu bapa inagusa kwenye duara jembamba kama uzi. Itabana leo, kesho imejichimbia shimo na mbano umeondoka.

Stadi mpya mkizivuta kuingia kwenye habu kwa kutumia nati, tumieni nati kuukuu na washa mbili tatu zilizopakwa grisi. Hapo grisi ni halali kabisa. Nati hiyo ikimaliza kazi itupwe, isije ikarudi kwenye tairi.

Rangi iondoeni kwenye mashimo ya nati na kwenye duara lote la mgongo wa rimu linalogusa habu, mpaka muone alumini. Msitumie tupa wala gurudumu la kusagia, mtakula rimu yenyewe. Dawa ya kuondolea rangi na subira vinatosha. Rangi ibaki pale inapoonekana na watazamaji.

Kufunga: nati zote tano ziingie kwa vidole kwanza. Hesabu mizunguko. Kwa hatua ya 1.25 nati inatakiwa ishike karibu mizunguko 10, ili hesi zilizoshikana zifike unene wa stadi wenyewe. Ikishika 6, stadi ni fupi kwa rimu hiyo, au mmeweka spesa (kipande cha kusogeza rimu nje) bila kuongeza urefu wa stadi. Kisha kazeni kwa kuruka, moja kisha ya mbali nayo, kama mnachora nyota, kwa hatua tatu: kwanza nyutoni-mita 40, kisha 70, kisha ya mwisho. Gari literemshwe kidogo tairi liguse chini lisizunguke, lakini lisibebe uzito wote. Ya mwisho kwa Impreza za zamani iko kati ya 80 na 100. Za miaka ya karibuni ni 120. Angalieni kitabu cha mwaka wa gari lenu, msichukue namba ya gari la jirani. Toyota nyingi ndogo ni 103, na Land Cruiser yenye stadi za milimita 14 na rimu za chuma inafika 209. Unaona namba zinavyotofautiana.

Toki renchi nunueni. Mpaka mtakapoipata, nakufundisha njia niliyotumia miaka mingi na haina aibu. Nenda soko la samaki la Deep Sea, au kwa muuza nazi yeyote, uazime mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana. Spana yako ipimie sentimita 50 kamili kutoka katikati ya nati, tia alama, funga kamba imara hapo. Ndoana ya mizani iingie kwenye kamba, spana iwe imelala, uvute kwa pembe mraba, taratibu bila kushtua. Mizani ikisoma kilo 20, umekaza nyutoni-mita 98. Ni hesabu ya mizani na rula tu, na ni bora mara kumi kuliko "mpaka igome". Mkishanunua toki renchi, baada ya kazi irudisheni kwenye namba ya chini kabisa ili springi ipumzike, msiitumie kufungulia nati hata siku moja, na ikilia mara moja acheni. Kuirudia rudia "ili kuhakikisha" ni kuongeza. Kila mwaka, au ikishakaza mara 5,000, ipelekwe ikapimwe.

Mashine ya upepo itumieni kufungulia na kuzileta nati karibu. Kumalizia ni kazi ya toki renchi. Wale wa Formula 1 mnaowaona kwenye televisheni wakifunga tairi kwa sekunde mbili wana nati moja kubwa ya katikati, na mashine iliyotengenezwa kwa nati hiyo tu. Na bado Monaco mwaka 2021 mashine ilikaa vibaya kidogo kwenye nati ya gari la dereva Valtteri Bottas, ikasaga kingo za nati, tairi likakataa kutoka, mashindano yake yakaishia hapo. Kama ni hivyo kwao, mashine ya mkopo kwenye vumbi la Muheza muiogope.

Jambo la moto nalo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Rimu ikiwa ya moto kutoka steji (kipande cha njia ya mbio), inaivuta stadi zaidi, nati utaiona imekaza. Ukiipima na kuirekebisha hapo, ikipoa utakuta kitu kingine. Kwenye kituo cha huduma, kama hamjafungua tairi, angalieni tu kwamba hakuna iliyoachia. Kazi ya kupima sawasawa ifanyike rimu ikiwa imepoa kiasi cha kuweka kiganja. Mkifunga tairi upya, au rimu ikiwa mpya au imetoka kusafishwa rangi, pimeni tena baada ya kilomita 50, kisha tena baada ya 100. Kule kupungua kwa mwanzo ni kwa kawaida, nyuso mbili zinatafutana. Nati inayopungua mara ya tatu si ya kawaida.

Kuna alama moja nyingine niliyoiamini kuliko macho yangu. Nati zikishakazwa, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, kila nati. Msoma ramani, yule anayekaa pembeni ya dereva, akishuka popote anautazama kwa sekunde tano. Ukiona pia vijistari vya kutu vinatoka chini ya nati kama miale, hapo chuma kinasuguana, rimu inacheza, hata kama spana inasema imekaza.

Jumamosi mkitoka tena, simamisheni gari Pongwe kabla hamjaingia kwenye mashamba, tazameni mistari yote 20. Ukikuta mmoja umehama, usiiongeze nati. Vua tairi, futa, angalia kitako, angalia mgongo wa rimu kama kuna rangi iliyobaki, kisha funga upya kuanzia 40. Na hicho kipande cha stadi usikitupe, kiweke kwenye kopo juu ya meza ya kazi, mwenzako awe anakiona.